Sikumshika mwanangu siku tano za mwanzo: je, nimempoteza?

“Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Makorora hapa Tanga. Mimba ilipofika wiki 31 nilipata kifafa cha mimba, nikafanyiwa upasuaji wa dharura. Mtoto akapelekwa wodi ya watoto njiti, mimi nikabaki kitandani sijitambui vizuri. Siku tano sikumtia machoni. Aliyembeba kifuani siku zile ni mama mkwe wangu. Sasa mtoto ana miezi tisa. Likizo iliisha, nimerudi kufundisha, na bibi yake ndiye anayeshinda naye. Asubuhi nikitoka mtoto hana habari na mimi, lakini bibi akiingia tu msalani, nyumba haikaliki. Mdogo wangu yuko chuo, kanisimulia bata wa Lorenz na nyani wa Harlow, kwamba saa za mwanzo zikipita mtoto hamshiki tena mama. Na mimi nimekulia Muheza kwenye mbuzi, nimeona mbuzi akimpiga pembe mwanawe waliyetenganishwa alipozaliwa. Mama mkwe hasemi kitu, ila namwona anafurahi. Je, nimempoteza mwanangu? Niache kazi? Au nimtoe kwa bibi yake?”

Marahaba mama, na hongera. Wiki 31, kifafa cha mimba, kisha wote wawili mkarudi nyumbani hai. Nimelitaja hilo mwanzo kwa sababu wewe mwenyewe hukulihesabu popote katika swali lako.

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Hujampoteza. Siku zile tano hazikufunga mlango wowote kati yako na mwanao. Kumlilia bibi hakuonyeshi kwamba hakupendi. Kunaonyesha kwamba amejifunza kumpenda mtu, na mtoto aliyejifunza kwa mmoja huwa na njia ya kwenda kwa wengine. Kazi usiiache kwa sababu hii. Na kwa bibi usimtoe. Hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu ndilo linalonitia hofu kuliko yote uliyoandika.

Mdogo wako hakukudanganya. Hizo habari zipo na ni za kweli. Ila amechukua wanyama wawili tofauti, nawe ukaongeza mbuzi wako, mkawapika chungu kimoja, kisha mkamgeuzia mwanao chungu hicho.

Konrad Lorenz alikuwa Mwaustria, mtafiti wa tabia za wanyama, na mwaka 1935 alichapisha aliyoyaona kwa bata bukini. Kifaranga akianguliwa, hukifuata kiumbe cha kwanza kikubwa anachokiona kikitembea, na kuanzia hapo huyo ndiye mama. Wale waliomwona Lorenz kwanza walimfuata Lorenz, mzee mzima na ndevu zake, mpaka ziwani. Baadaye, mwaka 1958, Eckhard Hess alipima kwa bata mwitu akaona kwamba jambo hili hushika vizuri zaidi kati ya saa ya 13 na ya 16 baada ya kuanguliwa. Hapo ndipo ilipotoka hadithi ya “saa za mwanzo zikipita basi.” Na hata kwa ndege wenyewe, watafiti waliofuata waligundua kwamba muda ule si mkali kama ulivyodhaniwa: kifaranga akikaa peke yake bila kuona cha kufuata, dirisha lake huendelea kubaki wazi kwa muda zaidi.

Lakini jiulize kwa nini kifaranga ana haraka hivyo. Ana haraka kwa sababu siku hiyohiyo aliyoanguliwa anatembea. Mama yake anaondoka kwenda majini, na mwewe yuko juu. Kifaranga asiyejua amfuate nani jioni hiyo, kesho hayupo. Kwa wanyama wengi, kushikamana kwa mama na mtoto hupangwa kulingana na siku ambayo mtoto anaanza kuweza kupotea. Ukilishika hili moja, mengine yote nitakayosema utaweza kuyafikia mwenyewe.

Sasa mbuzi wako wa Muheza. Uliona sawasawa. Mwaka 1964 Peter Klopfer na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba mbuzi akipewa dakika tano tu na mwanawe mara baada ya kuzaa, wengi humpokea hata wakitenganishwa saa kadhaa baadaye. Akiondolewa papo hapo kabla mama hajamlamba, wengi humkataa. Angalia lakini nani anayefunga mlango hapa: ni mama, mtoto hana neno. Mwanambuzi husimama ndani ya saa moja na siku chache baadaye hujichanganya na kundi, na mama mwenye maziwa ya mtoto mmoja au wawili hawezi kunyonyesha zizi zima. Kwa hiyo uzazi wenyewe humwamsha. Njia ya uzazi inapotanuka, ubongo humwaga homoni ya oksitosini, harufu ya maji ya uzazi ambayo siku nyingine ingemchukiza humvutia, naye humshika mwanawe kwa harufu. Mtafiti mwingine, David Gubernick, baadaye alionyesha kwamba hata kwa mbuzi hadithi si nyepesi: mara nyingi anayekataliwa ni yule aliyekwisha kulambwa au kunyonyeshwa na mama mwingine, akabeba alama yake. Na wafugaji wa kwenu wanajua dawa: jike hufungwa, mwanambuzi akanyonya siku kadhaa, mwisho jike analegea.

Wewe hukumtambua mwanao kwa harufu ya maji ya uzazi. Binadamu huyo hayupo. Kama tungekuwa hivyo, hakuna baba ambaye angempenda mtoto wake, wala mama mlezi, wala mama aliyejifungua kwa upasuaji akiwa usingizini, na pwani yote hii imejaa watu waliolelewa na shangazi na mama wadogo, wakapendwa na wakapenda.

Mbuzi walifikaje wodi ya wazazi? Mwaka 1972 madaktari wawili wa Marekani, Marshall Klaus na John Kennell, walichapisha utafiti wa mama 28. Nusu yao waliongezewa saa 16 za kukaa na watoto wao katika siku tatu za mwanzo, na baada ya mwezi walionekana kuwa karibu zaidi na watoto. Mfano wa mbuzi ulikuwamo katika fikra zao waziwazi. Nawashukuru kwa jambo moja kubwa: hospitali nyingi, zilizokuwa zikimchukua mtoto na kumweka chumba kingine, zililegeza masharti. Lakini mama 28 ni wachache, na tafiti zilizofuata hazikuithibitisha ile habari ya dirisha la saa chache. Wao wenyewe walipunguza ukali wa kauli zao miaka kumi baadaye. Kilichobaki mitaani ni hatia, na hatia hiyo imefika mpaka Makorora.

Tuje kwa Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Wale hawakuwa nyani kama wetu. Walikuwa kima wa Asia waitwao rhesus. Aliwatenga na mama zao saa chache baada ya kuzaliwa, akawawekea sanamu mbili: moja ya waya, nyingine iliyofunikwa kitambaa laini cha taulo. Hata pale chupa ya maziwa ilipowekwa kwenye waya, watoto walikwenda kunyonya kisha wakarudi kukumbatia kitambaa, na huko ndiko walikoshinda. Alipotangaza haya mwaka 1958 alivunja imani ya wataalamu wengi wa wakati ule kwamba mtoto anampenda mama kwa sababu ya maziwa tu. Wanafunzi wengi husoma mpaka hapo wakafunga daftari.

Kilichofuata ndicho kinachokuhusu. Harlow aliwafungia watoto wengine peke yao kabisa tangu kuzaliwa, bila kiumbe yeyote. Waliokaa miezi mitatu walitoka wamevurugika, lakini wakapona walipowekwa na wenzao. Waliokaa miezi sita au mwaka mzima waliharibika vibaya: walijiuma, walijikunyata wakiyumba, hawakuweza kuishi na wengine. (Majaribio yale yalikuwa ya kikatili. Siwezi kuyatumia kukutuliza bila kulisema hilo.) Kisha, mwaka 1972, Harlow na mwanafunzi wake Stephen Suomi wakachukua waliofungiwa miezi sita, ambao kila mtu alidhani wamekwisha, wakawaweka pamoja na kima wadogo wa miezi mitatu. Wadogo wale hawakujua vitisho wala kujitetea. Walimkumbatia tu yule aliyejikunyata kwenye pembe. Baada ya kama nusu mwaka, wengi wao walikuwa wanacheza kama wenzao.

Kwa hiyo kilichowaumiza kima wa Harlow ni kukosa mtu kabisa, kwa miezi. Kukaa siku tano bila mama mzazi huku umebebwa na mwingine ni jambo jingine. Mwanao siku zile alikuwa juu ya kifua cha bibi yake.

Na kifua kile kilifanya kazi gani? Hapa kuna utafiti wa panya ambao hausimuliwi sana, nami naupenda. Myron Hofer, daktari wa Marekani, alikuta asubuhi moja panya mama ametoroka kizimbani na watoto wake mapigo ya moyo yameshuka karibu nusu. Wengine wangesema ni huzuni. Hofer akaanza kurudisha kitu kimoja kimoja. Akiwapa joto, walichangamka, lakini moyo haukupanda. Akiwapa maziwa taratibu kwa mrija, moyo ulipanda bila mama kuwapo. Kuguswa nako kulikuwa na kazi yake. Yaani kile tunachokiita “mama” ni mkusanyiko wa huduma nyingi zinazoongoza mwili wa mtoto, na kila moja inaweza kutoka mahali pake. Mwanao alipata joto, pumzi na mapigo ya moyo kutoka kwa bibi. Kama ulianza kukamuliwa maziwa ukiwa bado kitandani, maziwa yalitoka kwako. Mlimlea wawili tangu siku ya kwanza.

Usije ukanielewa kwamba siku za mwanzo hazina maana. Huduma ya kangaruu, yaani kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba watoto wenye uzito mdogo walioanzishiwa huduma hiyo mara tu baada ya kuzaliwa walipungukiwa vifo kwa takriban robo. Mtoto wa wiki 31 anahitaji ngozi ya mtu haraka kwa ajili ya joto, kupumua, kunyonya na kujikinga na maambukizi. Katika utafiti ule mama alipokuwa hawezi, ndugu alimshikia nafasi, kama alivyofanya mama mkwe wako. Haraka ile ni ya uhai. Mapenzi yana ratiba nyingine.

Rudi kwenye siku ambayo mtoto anaanza kuweza kupotea. Mtoto wa binadamu hatambai mpaka miezi mingi ipite, na kwa hiyo hana haraka ya kuchagua. Anaanza kumpambanua mlezi wake hasa, kumlilia akiondoka na kuogopa wageni, karibu na miezi saba mpaka tisa, wakati uleule anapoanza kutambaa. Na wako alizaliwa wiki tisa kabla ya wakati. Kwa njiti tunahesabu umri tangu siku aliyotakiwa kuzaliwa, kwa hiyo miezi yake tisa kwa ukuaji ni kama saba. Amefika mlangoni sasa hivi. Umeniandikia ukidhani jambo limekwisha, kumbe ndiyo linaanza.

Na mtoto hachagui mmoja tu. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia ambaye kazi yake ndiyo msingi wa mengi tunayofanya leo, alianza kuangalia watoto kwa jirani zetu Uganda, mwaka 1954 na 1955, katika vijiji karibu na Kampala, familia 26. Aliwaona watoto wakishikamana na mama, na pia na baba, bibi, ndugu wakubwa. Na watoto waliotoka kwenye vituo vya kulelea watoto vya Romania baada ya 1989, waliokuwa wameachwa vibaya mno, walipochukuliwa na familia za Uingereza kabla ya kutimiza miezi sita wengi walikua karibu sawa na watoto wengine. Huku kwetu Gombe, watafiti walimwona Mel, sokwe yatima wa miaka mitatu na kidogo, akichukuliwa mwaka 1987 na Spindle, dume kijana ambaye hata si ndugu yake. Alimbeba mgongoni na kulala naye kwenye kiota kimoja.

Sasa namna ya kumsoma mwanao. Kilio cha asubuhi ni kipimo kibovu. Anaweza asilie ukiondoka kwa sababu anabaki na mtu anayemwamini, na humlilia bibi kwa sababu akienda msalani hakuna mwingine chumbani, ilhali wewe ukitoka bibi yupo. Tazama unaporudi: je, anageuza shingo akisikia sauti yako uani? Anarusha miguu? Mgeni akiingia na wewe umempakata, anakutazama usoni kwanza kabla ya kuamua kulia? Akiamka usiku na homa, mikononi mwako anatulia, hata kama ni polepole? Hayo ndiyo ya kuangalia. Usimfanyie majaribio, tafadhali. Usimfiche bibi uone atalia kiasi gani.

Ama kuacha kazi, nitakuwa mkweli: saa nyingi zaidi na mtoto zinasaidia, na kama ungekuwa na nafasi na hamu ya kubaki nyumbani ningekuambia baki. Lakini kuacha mshahara kwa hofu ya bata bukini, kisha ushinde nyumbani una wasiwasi na kinyongo, hakumpi mtoto kitu. Ama kumtoa kwa bibi, hapana. Kwa mtoto wa umri huu huko ni kufiwa. Utakuwa umemsababishia mwanao kile hasa ulichokuwa unakiogopa.

Chukua sehemu zako za siku na zisibadilike. Ukirudi jioni, mwogeshe wewe, mpake mafuta wewe bila haraka, mlishe uji wa jioni wewe, alale ubavuni pako, na kama bado ananyonya, usiku ni wako. Jumamosi mfunge mbeleko uende naye sokoni. Mfuate yeye anavyotaka: akikutazama mtazame, akigeuza uso mwache apumzike. Njiti wengi huchoka haraka, na mama mwenye hamu humchezesha zaidi, mtoto akazidi kugeuka, mama akaona amekataliwa. Asubuhi muage. Usitoke kwa mlango wa uani kwa kunyatia, hata kama siku hizi hana habari. Siku atakapoanza kukulilia, na itakuja, utahitaji awe anajua kwamba ukisema unarudi unarudi. Wiki mbili tatu za mwanzo huenda usione kitu.

Mama mkwe mwendee kwa adabu na kwa ukweli. “Mama, mwanangu yuko hai kwa kifua chako. Naomba jioni nimwogeshe mimi, wewe ukae karibu.” Neno karibu ni la muhimu: asiondoke ghafla, akae chumba kilekile, mtoto aone kwamba bibi ameridhia. Na akilia mikononi mwako, bibi asimnyakue haraka, akupe muda umbembeleze. Furaha unayoiona usoni mwake usiifanye vita. Huenda ni furaha ya mtu aliyekesha na mtoto wa kilo moja na nusu akamwona anakaa.

Kuna mtu mmoja hayumo katika barua yako hata kwa neno moja: baba wa mtoto. Sijui kama yuko safarini au yuko sebuleni. Kama yupo, naye apewe zamu. Kuna kima wadogo wa Amerika ya Kusini waitwao titi ambao baba ndiye anayebeba mtoto kutwa, na mtoto akitenganishwa nao humlilia baba zaidi ya mama.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na hapo nenda kliniki ya mama na mtoto usingoje tarehe ya chanjo. Kama mtoto hatafuti faraja kwa mtu yeyote, si kwako si kwa bibi; hatazami usoni, hacheki, hageuki kwa sauti; amekakamaa au amelegea sana; au amepoteza jambo alilokwisha kuliweza. Njiti wanahitaji kupimwa macho na masikio hata wakionekana wazima, na mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuonekana “hana habari” na mama anayeaga akiwa mlangoni nyuma yake. Hilo peke yake lingenifanya nimpime.

Na wewe pia. Aliyepita ulipopita anaweza kubaki na ndoto za chumba cha upasuaji, kushtuka, kukosa usingizi hata mtoto akilala, kumtazama mwanawe asihisi kitu, kujiona hana thamani. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa, ina matibabu, na huja hata miezi kadhaa baadaye. Dalili hizo zikizidi wiki mbili, mwone daktari au mshauri wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu aliye karibu nawe na uende siku hiyohiyo, hata usiku. Ukifika, waombe wakupime na shinikizo la damu, kwa sababu kifafa cha mimba kina mikia mirefu. Kadi ya kliniki chukua, na kama bibi atakubali, nenda naye: yeye ndiye anayejua mtoto anashindaje mchana, na daktari atakuwa na maswali yake.